Kihamba kinasomeka kama msitu kwenye ramani ya Ulaya: niwaondoe wanachama 11?

KatibuKibosho

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha kahawa huku Kibosho, mlimani Kilimanjaro, tuko wanachama 412. Tangu Februari nazunguka vihambani, yaani mashamba yetu ya kifamilia ya kahawa na migomba, na simu nikichukua pointi za GPS za kuonyesha kila shamba lilipo, kwa sababu mnunuzi anayepeleka kahawa Ujerumani ametuambia bila pointi hizo hatainunua. Ni ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023, inayozuia kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na mazao ya ng'ombe kuingia kwao ikiwa yametoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020.

Na lengo lake sina ugomvi nalo. Nimezaliwa chini ya msitu huu. Nikiwa mdogo tulikuwa tunaamshwa saa tisa usiku kwenda kufungulia mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, zamu yetu ikifika, na maji yalikuwa yanakuja kwa kelele. Siku hizi zamu inafika, maji hayapo. Anayetaka msitu ubaki ni mwenzangu.

Sasa wiki iliyopita wakala wa mnunuzi kaleta majibu: wanachama 11 "wako msituni". Nimepitia majina yao jina kwa jina. La kwanza ni la mama mjane mwenye kihamba cha robo tatu ekari, alichoachiwa na marehemu mume wake, naye alikipata kwa baba yake. Mibuni ya pale nimeikuta, na nina miaka 46. Lakini ukitazama kutoka juu, huwezi kuiona. Unaona miti ya kivuli tu: miruka mitatu mikubwa, mringaringa, na msesewe ukingoni mwa mfongo. Chini yake migomba. Kahawa iko chini ya migomba, kama ilivyopandwa na babu zetu.

Wakala anashauri niwaondoe hao 11 ili 401 wapite. Kahawa yetu yote inamenywa kwenye CPU moja, mtambo wetu wa pamoja wa kumenyea, na anasema shamba moja likikataliwa mzigo mzima umekataliwa.

Halafu jana ndiyo nimekosa usingizi. Mwanachama mwingine, ambaye hata kwenye orodha hayumo, amekuja kuniuliza: akikata mruka wake, setilaiti itamsoma vizuri? Ameshaongea na mwenye msumeno.

Nimjibu nini? Na hawa 11 niwafanyeje? Mwezi wa saba tunaanza kuvuna.

---

MekuWaKirua

Mama katibu, pole kwa kazi. Mimi ni mzee wa huku Kirua Vunjo, nakueleza ninavyoona.

Usimwondoe hata mmoja. Sisi huku juu tumeshapimwa sana. Tangu enzi za Mwingereza tulikuwa na ule ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu, wa kuokotea kuni na kukatia majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa, mama zetu wakawa wanakimbizwa kwa mzigo wa majani. Kwa hiyo mtu akija na simu kupima kihamba, mzee kama mimi anauliza kwanza: ramani hiyo inakwenda wapi? Hilo waeleze watu wako kabla ya kitu kingine chochote.

La pili, mnunuzi si Ulaya peke yake. Wajapani wameipenda kahawa ya mlima huu miaka yote. Ulaya wakikataa, iende huko.

---

MpimajiMoshi

Shikamoo Meku. La Japani lina ukweli, lakini wanunuzi wa Ulaya wakipungua mnadani, hata anayebaki hana haja ya kupandisha bei. Hatuwezi kuwaacha waondoke kirahisi.

Katibu, hii ndiyo kazi ninayofanya, nimeshapima vihamba vingi Rombo na Machame. Mwenye msumeno mpigie simu leo, usingoje kesho. Kukata ule mruka hakutamsaidia huyo ndugu hata kidogo, na nitakuonyesha sababu kwenye sheria yenyewe.

Sheria inasema msitu ni eneo la zaidi ya nusu hekta, lenye miti inayozidi mita tano na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia kumi ya ardhi. Watu wengi wanasoma mpaka hapo wanaingiwa na hofu. Lakini sentensi inaendelea: ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo si msitu. Na inapoeleza kilimo ni kipi, inataja waziwazi mashamba ambamo mazao yanalimwa chini ya miti. Hicho ni kihamba. Kahawa ya yule mama ingekuwa chini ya miruka mia, bado ile ni shamba.

Kilichowakamata ni ramani. Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kimetoa ramani ya misitu ya dunia ilivyokuwa 2020. Inasoma vipande vya mita kumi kwa kumi, inaona majani ya juu tu. Wenyewe wamesema ramani hiyo haina nguvu ya kisheria, ni ya kusaidia kuchambua hatari. Ila wakala anaifanya hukumu, kwa sababu faini iko kwa mwagizaji kule Ulaya, na mwagizaji akiogopa, hofu inashuka mpaka Kibosho.

Kuhusu mzigo mzima kukataliwa, hapo wakala hajakudanganya. Sheria hairuhusu kuchanganya kahawa yenye uthibitisho na isiyo nao.

Nenda upya kwa wote 11. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji pointi moja tu, yenye tarakimu sita baada ya nukta. Usisimame chini ya mruka, simu inayumba mita nyingi, na kwa waliopakana na msitu mita hizo zinakutupa upande wa pili wa mpaka. Tafuta penye uwazi ndani ya shamba, tulia, chukua mara kadhaa. Kisha tafuta ushahidi kwamba kahawa ilikuwepo kabla ya 2020. Chama chenu kina madaftari ya mapokezi?

Muda upo kidogo. Utekelezaji ulikuwa uanze mwisho wa 2024, wakausogeza mwaka mmoja, wakausogeza tena hadi 30 Desemba 2026, na kwa wafanyabiashara wadogo wa kule hadi 30 Juni 2027.

---

NjiroDada

Naandika kutoka Arusha, nimefanya kazi za sera ya biashara kwa miaka. Dada katibu, swali lako ni kubwa kuliko Kibosho.

Kuna kesi iliamuliwa mwaka 1998 kwenye Shirika la Biashara Duniani. Marekani ilizuia kamba waliovuliwa kwa nyavu zisizo na kifaa cha kumtolea kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand wakashtaki, wakashinda. Wengi wanadhani walishinda kwa sababu biashara iliwekwa mbele ya kasa. Sivyo. Waamuzi walikubali kwamba nchi inaweza kuzuia bidhaa ili kulinda viumbe. Kosa lilikuwa namna: nchi za Karibi zilipewa miaka mitatu ya kujiandaa pamoja na msaada wa ufundi, za Asia zikapewa miezi minne. Marekani ikarekebisha, ikakaa mezani na wavuvi wa Asia, na Malaysia ilipoishtaki tena mwaka 2001 ilishindwa.

Ndiyo maana sipendi tunapobishana kama sheria ya misitu ni nzuri au mbaya. Tuulize gharama ya kuthibitisha inabebwa na nani. Hivi sasa anayebeba ni katibu mwenye simu yake na bando lake, akipanda makorongo kwa miguu, ili mnywaji wa Hamburg awe na amani. Kihamba kinahifadhi miti, kivuli na maji kwa karne nzima na hakuna aliyekilipia hata senti. Hilo ndilo la kupeleka Bodi ya Kahawa na wizarani, likiwa na majina na pointi zako.

Meku, suala lako la ramani ni la haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua haki ya kimila hata bila hati mkononi. Wanachama waambiwe data inakwenda kwa nani, na chama kibaki na nakala.

---

KatibuKibosho

Asanteni sana. Nachelewa kujibu kwa sababu nilikuwa korongoni.

Mwenye mruka nilimkuta saa moja asubuhi. Nilimsomea ile sentensi ya kilimo chini ya miti, mara mbili, akamrudisha mwenye msumeno.

Tumerudia pointi za wote 11. Tisa zimetoka msituni bila shida, kumbe kijana wetu alikuwa anakwepa mvua chini ya miti wakati wa kupima. Mbili bado zinagusa mpaka, na zote mbili ni vihamba vya kweli. Nimefungua kabati la chama, na daftari la mapokezi la 1998 lina jina la marehemu mume wa yule mama: kilo 86, kwa mwandiko wa katibu aliyenitangulia. Nimelipiga picha, nimeambatanisha na barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Wakala amepokea tisa. Kwa hizo mbili anasema lazima aulize Ujerumani. Nimemwambia aulize, na kwamba sipeleki orodha ya watu 410.