Simulizi ya vampaya: ya kutisha, ya mapenzi au mumiani wetu, ipi ungelipia?

MtotoWaIsevya: Wakuu habari za jioni. Nataka kuanza simulizi ya vampaya niwe naitupia kwenye magrupu ya wasap, sehemu za mwanzo bure, mbele mtu analipia. Nina njia tatu: vampaya anayetisha mwanzo mwisho, vampaya hendsamu anayependana na binti wa watu, au mumiani wa huku huku. Mngelipia ipi?

Mgebuka_Mkavu: Mapenzi yamechosha mkuu. Tangu kitabu cha Twilight kitoke 2005 ni vampaya wapole tu, wanakunywa damu ya wanyama, wana hela, kazi kumwangalia demu akilala, sasa hatari iko wapi? Cheki muvi za juzi juzi, Nosferatu ya 2024, Sinners ya 2025, watu wamerudi kwenye kuogopa.

DadaKasulu: Usitusemee. Grupu nililopo wanaopata arosto ni wadada na tunataka mapenzi, ila siyo ya bure bure. Kiumbe ameishi miaka mia na kitu, kazika kila aliyempenda, nataka nimuone anavyoteseka. Mwandishi Anne Rice kafanya hivyo kwenye kitabu chake tangu 1976, vampaya anakaa anasimulia maisha yake unamhurumia huku unajua kabisa ni muuaji.

Kijana_wa_Ujiji: Mimi kinachoniuma ni masharti kuvunjwa. Ukisema jua linaua basi liue mpaka mwisho, siyo sehemu ya 4 linaua halafu sehemu ya 19 jamaa yuko soko la Mwanga saa sita mchana anachagua samaki. Na hilo la jua wala siyo la tangu mwanzo, kwenye kitabu cha Dracula cha 1897 vampaya mwenyewe anatembea London mchana, anapungua nguvu tu, kufa kwa mwanga kumekuja na Nosferatu ya kwanza, ile muvi bubu ya 1922. Kwa hiyo chagua unachotaka, ila ukishachagua umejifunga. Mimi ningekomaa na lile la kutoingia nyumba ya watu mpaka akaribishwe. Hebu fikiria huku kwetu, mtu kapiga hodi, bibi yuko uani anachambua dagaa hata hajamuona ni nani, keshajibu karibuuu pita ndani! Imeisha hiyo. Ujiji anamaliza mtaa kabla ya isha.

Mgebuka_Mkavu: 😂😂 bibi yangu angemuwekea na ugali

MtotoWaIsevya: Hiyo naichukua. Na mumiani je?

MzeeGongoni: Mumiani muache peke yake mwanangu. Yule siyo mfu, haogopi msalaba wala kitunguu saumu. Enzi za mkoloni walisema ni mtu kabisa, ana kazi na gari, wengine wakidai ni wazima moto, anakamata watu usiku damu ikatengenezwe dawa. Hana mapenzi yule. Ukimchanganya na wa meno marefu umewaharibu wote wawili. Halafu usitaje mtaa wa kweli wala kazi ya mtu, Malawi 2017 watu waliuawa kwa uvumi wa kunyonya damu.

DadaKasulu: Mzee kamaliza.

MtotoWaIsevya: Basi nakwenda na mapenzi yenye maumivu, sharti la hodi, na anapanda treni ya usiku Tabora kwenda Kigoma.

Mgebuka_Mkavu: Behewani anakaribishwa na nani? Au tiketi inatosha?

Kijana_wa_Ujiji: Tiketi kauziwa na shirika, siyo na abiria. Daraja la pili kulala asubiri koridoni mpaka wa chumbani waseme karibu.

DadaKasulu: Na watasema tu 😭 anza kuandika