Naombeni ushauri, tujenge Kigoma au Tabora?

Wakuu shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Mimi na mama watoto tumestaafu ualimu, sehemu ya kiinua mgongo tukanunua Hiace ya mtumba, tukang'oa siti za nyuma tukaweka godoro na jiko la gesi, mwaka mzima tunazunguka Mbeya, Sumbawanga, Mpanda hadi Uvinza, usiku tunaomba kupaki misheni au gesti zenye geti. Sasa migongo imechoka tunataka kutulia.

Mwenzangu anataka Kigoma tu, tulikaa wiki tatu Kibirizi kila asubuhi anashuka mwaloni kununua migebuka na dagaa, jamani alirudi ujana kabisa. Mimi naogopa kiwanja cha ufukweni maana Ziwa Tanganyika lilipojaa mwaka 2021 maji yaliingia mpaka kwenye nyumba za watu. Tabora naipendea asali, maembe, maji ya Ziwa Victoria yameshafika, na ukitaka treni unaenda Dar, Mwanza au hukohuko Kigoma. Ila yeye anasema bila ziwa atazeeka haraka, na sitaki kumlazimisha.

Wenyeji wa Bangwe na Mwanga hapo Kigoma, huko juu mlimani maji ya bomba yanapanda? Na wa Tabora, kwa wazee wenye presha na sukari mtaa gani uko karibu na hospitali ya Kitete?