Mrejesho: fimbo ya pool iliyokuwa ikilia

Wadau, wiki jana niliuliza kuhusu fimbo yangu ya pool ya vipande viwili, inayotoa mlio wa kugongagonga kila nikipiga mpira. Wengi mlisema ni kiungo cha katikati. Nilikikaza hadi kiganja kikauma, ikalia vilevile.

Aliyeniokoa ni yule aliyesema niitenganishe, nigonge kila kipande peke yake. Cha mbele kimya, na ncha ya ngozi imeshika sawasawa. Cha nyuma: kro, kro, kro! Nikang'oa kile kipira cha chini, kumbe ndani ya tundu boliti ya uzito (ile inayoongeza uzito wa fimbo) inacheza kama jino la mtoto. Spana ndefu ya pembe sita niliipata Kirinyaga Road, Nairobi, baada ya kuzunguka maduka matatu (zile za kawaida hazifiki, ni fupi mno). Nikaitoa boliti, nikazungushia nyuzi zake tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikairudisha na kuikaza polepole. Ukilazimisha, mbao inaweza kupasuka.

Jana usiku hapa Umoja nimecheza raundi sita, fimbo kimya kabisa. Nimefungwa nne, lakini hilo sasa si kosa lake.