Tupeane uzoefu: kamera yako ilipitaje getini siku ya mechi au mashindano makubwa?

Langoni (mwanzishaji)

Wapiga picha wa Lamu, Malindi na kwengineko, salaam. Leo naomba tusimuliane habari za getini tu. Nani ana kamera ya bei gani, hayo tuyaweke kando. Ulifika na nini, mkaguzi alisema nini, na mwishowe kiliingia kipi? Naanza mimi.

Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipokuja kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, niliapa sitaitazama kwenye runinga ya baraza. Alfajiri nikavuka hadi Mokowe, basi la Mombasa, usiku basi la Nairobi. Begini nina kamera, lenzi ya 70-200 na monopodi, ule mguu mmoja wa kusimamishia kamera. Tarehe 10, Harambee Stars na Morocco, Kasarani. Tiketi iko kwenye simu, jezi nimevaa, najiona nimekamilika.

Kwenye ukaguzi wa kwanza dada mmoja mwenye kizibao alifungua zipu, akautoa ule mguu taratibu, akaurefusha pingili moja baada ya nyingine mpaka ukamfika begani. Hakusema neno. Alinitazama, akawatazama watu wanaosukumana nyuma yangu, akanitazama tena. Hapo nikauona kwa macho yake: rungu la alumini. "Kaka, hii haiingii." Lenzi walibishana wenyewe kwa wenyewe, mkubwa wao akaitwa, akaigeuzageuza, akaniuliza kama natoka gazetini. Nikamwambia mimi ni mpiga picha wa harusi. Akacheka, akaipitisha.

Sikuwa na la kulalamika, sharti la fimbo na stendi lipo karibu kila mashindano. Nilitoka nje, nikamwachia mama mmoja muuza soda ule mguu, nikarudi mkiani mwa foleni. Nikiwa bado nje, uwanja ukalipuka. Bao la pekee la mechi! Tulishinda 1-0 tukamaliza tukiwa kumi uwanjani, na picha niliyonayo ya bao lile ni ya kisogo cha jamaa aliyenitangulia, mikono juu.

Haya, nyinyi?

BintiShela

Pole kaka Langoni, nimecheka peke yangu kama mwehu.

Sisi huku Lamu hatuna geti, pwani nzima ndiyo geti. Mbio za punda na za mashua wakati wa tamasha la utamaduni unasimama utakapo, shida yako kubwa ni chumvi na mateke ya punda. Lakini siku akija mgeni mkubwa, mambo hugeuka. Mwaka mmoja walizungushia kamba jukwaa la wageni pale Mkunguni, mbele ya ngome, na mimi kituo changu cha siku zote kiko ndani ya kamba.

Sasa sikieni ujinga wangu. Vumbi la punda nalijua, kwa hiyo lenzi ndefu nilikuwa nimeizungushia leso mbili, nikaitia kikapuni chini ya chupa ya maji. Afande alipoifungua ile leso ya kwanza akakuta ya pili, na ndani kitu cheusi, kizito, cha duara. Akarudi nyuma hatua mbili na mkono wake ukaenda kiunoni. Wallahi nilisahau jina langu. Mzee mmoja wa mtaani akapiga kelele, "Mwateni, ni mwana wetu huyo!" yaani mwacheni, lakini afande ni mtu wa bara, hilo la "mwateni" halikumsaidia.

Nikamwomba ruhusa niitoe mwenyewe. Nikaifunga kwenye kamera mbele yake, nikawasha, nikampiga picha moja, nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma. Uso ukalegea. Akaniambia nirudie, hiyo ya kwanza amefumba macho. Tangu siku hiyo lenzi inakaa kwenye kamera, kamera shingoni, na leso iko mabegani kwangu kama watu wengine.

Maweni Junior

Mimi wa Malindi ila nasoma Marekani, basi nilete ya huku. Mechi za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ile mipira yao ya kukimbia nayo mikononi, tangu 2013 wana sharti la mfuko unaoonyesha ndani. Mwisho wake inchi 12 kwa 6 kwa 12, kama sentimita 30 kwa 15 kwa 30. Usipokuwa nao, wanakubali hata ile mifuko ya plastiki ya zipu ya galoni moja, ya kuwekea nyama kwenye friza. Kinachowaponza wageni ni hiki: kamera wanakubali, begi la kamera hawakubali. Mtu amenunua begi la maana, lina sponji na vyumba vyake, anaambiwa alirudishe kwenye gari. Mimi niliingia na kamera shingoni, betri na memori kadi kwenye mfuko wa plastiki kama mtu aliyetoka sokoni na bizari.

Lenzi sasa kila uwanja una kipimo chake, wengine wanasema isizidi inchi kadhaa. Kwa hiyo ukurasa wa ligi hautoshi, soma wa uwanja wenyewe, tena wiki ile ile ya mechi.

Chumvi Kavu

Mimi napiga kwa simu. Nimemaliza.

Langoni

Chumvi Kavu, tutakuita siku ukitaka kumpiga mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja, utuletee picha ya sisimizi.

Mzee wa Gedi

Wanangu, nyinyi mnazungumzia memori kadi. Niwarudishe enzi za mkanda, ile filamu isiyotakiwa kuona mwanga kabla ya kusafishwa.

Mechi moja zamani, uwanja siutaji, askari aliniambia, "Fungua nione ndani." Nikadhani anataka begi, nikafungua begi. Akasema, "Hiyo." Kabla sijamweleza, kidole chake kimeshafika kwenye kitasa, mgongo wa kamera umefunguka, jua la saa nane limeingia. Picha ishirini na kitu za arusi ya mpwa wangu, nilizokuwa sijazisafisha, zikaondoka pale pale. Sikumlaumu sana, alitumwa aangalie ndani ya kila kitu, naye akaangalia. Mpwa wangu ndiye aliyenilaumu, na analo mpaka kesho.

Kwa hiyo tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipoletwa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu pale baharini, nilikuwa nimeerevuka. Kamera nimekwenda nayo tupu, mgongo wazi, naining'iniza aione kila mwenye macho. Mikanda nimeitoa kwenye vikopo vyake nikaitia kwenye mfuko wa nailoni mweupe. Nilipita bila swali hata moja. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo na unyevu juu yake, na Kenenisa Bekele, bingwa wa mbio ndefu miaka mitano mfululizo, nilimwona akitoka nje ya njia kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua. Picha ya Bekele akiacha ninayo, imetoka na ukungu kidogo kwa jasho langu kwenye lenzi.

Kwa vijana mnaorudi kwenye mkanda siku hizi (naona mmekuwa wengi): mashine mpya za kukagulia mabegi uwanja wa ndege, zile za CT, zinaharibu mkanda. Omba ukaguliwe kwa mkono. Kamera ya dijitali haidhuriki.

BintiShela

Shikamoo mzee wetu. Hiyo ya mpwa imeniuma.

Tanga Moja

Hamjagusa droni, na mijadala ya namna hii huishia hapo siku zote.

Mimi nilinunua ili nipige jahazi kutoka juu, tanga likiwa limejaa kaskazi. Sikufika hata kwenye mashindano. Basi letu kutoka Mombasa lilisimamishwa kwenye kizuizi kama kawaida ya njia yetu, abiria chini, vitambulisho mkononi, mabegi yafunguliwe. Mnaijua njia ya Lamu na historia yake ya mashambulizi, wanaokagua hawana mzaha na wana sababu. Nikaulizwa karatasi. Karatasi ya duka ninayo, wao wanataka ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mamlaka hiyo ndiyo inayoruhusu droni nchini, kanuni ni za 2020, na kumiliki na kurusha vyote vinataka kibali. Nilikaa kando ya barabara mpaka basi zima likanichukia, akiwemo bibi aliyebeba kuku wawili. Nikaachiwa kwa onyo. Niliirudisha Mombasa wiki iliyofuata, ikae kwa shemeji mpaka nikamilishe makaratasi.

Na kule kule njiani, kamera ikae begini. Usipige kizuizi, usipige kambi, usipige gari la askari hata kama jua linazama vizuri nyuma yake.

Mlinzi Mstaafu

Huwa nasoma tu, leo niseme. Nimefanya ulinzi wa matamasha na michezo Malindi na Mombasa miaka mingi kabla ya kufungua duka langu. Mnatusema kama tunaonea, wacha niwape ya upande wetu.

Asubuhi mnapangwa mstari, mkubwa anasoma: chupa za glasi hapana, fimbo hapana, miavuli mirefu hapana, stendi hapana, "kamera za kazi" hapana. Basi. Hakuna anayekwambia kamera ya kazi ni ipi. Mimi nilikuwa natumia kichwa changu: ikiwa lenzi ni ndefu kuliko kiganja changu, namwita mkubwa. Kosa la kumpitisha mtu litaniandama kazini, kosa la kumzuia litaniletea matusi tu, na matusi tumezoea. Sasa wewe fikiria ungekuwa mimi ungefanyaje.

Sababu ziko mbili na watu huzichanganya. Moja ni usalama: kinachoweza kupiga, kurushwa au kumkwaza mtu ngazini wakati wa vurugu. Mkiona geti limekuwa kali ghafla, jueni kuna lililotokea. Hata hiyo CHAN, baada ya watu kuingia kwa nguvu, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipunguza mashabiki wa mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000. Ya pili ni biashara. Picha za mashindano zina mwenyewe, zimeuzwa kabla mpira haujapigwa, na mwenye lenzi kama mchi wa kutwangia anaonekana ni mtu aliyekuja kuuza. Ukijieleza kwa usalama wakati wao wanalinda biashara, mtazungumza mpaka magharibi.

Waliokuwa wanapita kwangu kirahisi walikuja geti linapofunguliwa, mtu hana haraka, nami sina. Walifungua begi wenyewe kabla sijaliomba. Waliwasha kamera. Na walioandika barua wiki mbili kabla wakaja nayo imegongwa muhuri, hao niliwapeleka kwa mkubwa mimi mwenyewe. Muhuri, jamani. Barua bila muhuri kwetu ni karatasi ya kufungia mandazi. Ukitaka kukaa nyuma ya goli na kile kizibao chenye namba, hiyo ni kadi ya wanahabari, maombi yake hufungwa mapema, na hakuna mlinzi duniani atakayekupa getini.

Ambaye hakupita kabisa ni yule wa "unanijua mimi ni nani?"

Maweni Junior

Mlinzi, ya kiganja ni kipimo kizuri kuliko cha huku, nawapelekea.

Nyongeza kwa wanaoruka kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu: betri za akiba ni kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na ncha zake zifunikwe kwa selotepu. Kikomo cha kawaida ni Wh (wati-saa) 100 kwa betri, za kamera ni ndogo mno, nyingi hazifiki 20. Mizani ndiyo itakayokukamata, ndege ndogo nyingi mwisho wa mzigo ni kilo 15.

Tanga Moja

Langoni hajamaliza hadithi. Ule mguu ulirudi?

Langoni

Nilitoka uwanjani kiza kimeshaingia, watu wanaimba, nusura nilipite lile banda. Mama yupo, biashara imemchanganyia, kila mtu anataka soda baridi ya ushindi. Nikatazama chini ya meza, hakuna. Nikatazama nyuma ya kreti, hakuna. Moyo ukaanza kwenda mbio. Ndipo nikainua macho: dirisha lake la mbao, lile la kufungulia kwa juu, limesimamishwa na monopodi yangu, imerefushwa mpaka pingili ya mwisho, kamba ya kushikia imefungwa vizuri kwenye msumari.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akaniambia, "nikiitoa sasa nitafunga duka."

Nikanunua soda, nikakaa juu ya kreti mpaka saa nne.