Tunafunga boti nne ubavu kwa ubavu gatini Lamu. Maji yakipwa, yangu ilibaki ikining'inia

Mwana_Langoni aliuliza:

Assalam aleykum mabaharia.

Nina boti ya faiba ya futi 23, mashini ya farasi 40. Nabeba abiria kati ya Lamu mjini, Shela na uwanja wa ndege wa Manda. Deni lake sijalimaliza, kwa hiyo hata nikilala roho yangu iko majini.

Bamvua lililopita, siku zile maji hujaa na kupwa kupita kawaida, nilifunga saa kumi na moja jioni, maji yamejaa hadi ngazi za juu. Upande wa ukuta palikuwa na mashua ya mbao, mimi nikalala ubavuni mwake, na nje yangu wakaja wawili. Kamba yangu ya omo, yaani ya mbele ya boti, niliiacha ndefu. Saa tano usiku kijana wa zamu akanipigia: "Njoo upesi, boti yako inalia." Kufika, nikaona kilichotokea. Mtu alitaka kupenya, akafungua kamba yangu, akaingia, kisha akaifunga tena kwa nia njema kabisa, lakini fupi. Maji yameshuka, boti imening'inia kwa omo, tezi, yaani nyuma, imekaa chini hadi maji yanagusa kifuniko cha mashini. Kile chuma cha kufungia kamba kimeanza kung'oka, na faiba imefanya nyufa nyembamba kama ganda la yai lililogongwa. Fundo lilikuwa limekaza kama jiwe. Nikaikata kamba kwa kisu huku mwenzangu akinimulika kwa simu.

Aliyefanya hivyo namjua. Ni jirani, tunaswali msikiti mmoja, na sitaki ugomvi. Lakini nifanye nini? Kuna namna ya kufunga ambayo mwenzangu anaweza kutoka bila kugusa kamba yangu? Au nihame nikatie nanga mbali na gati? Abiria wangu wengi ni wazee na kina mama wenye watoto.

Nahodha_wa_Zamani alijibu:

Wa aleykum salaam mwanangu, pole sana. Nimeendesha majahazi hadi Mombasa na Tanga, na kisa chako nimekiona mara nyingi kuliko dhoruba.

Kwanza jua saa. Kwetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne, alfajiri na asubuhi, jioni na usiku. Ukifunga saa kumi na moja jioni umefunga kileleni. Mbele yako kuna mita 3 za kushuka kabla hujalala. Kamba inayotoka omo moja kwa moja juu ya ukuta lazima itakunyonga. Kamba ndefu inayolala kwa mshazari ndiyo hufuata maji. Kwa hiyo toa moja kutoka omo uipeleke kwenye nguzo iliyo nyuma ya tezi, na nyingine kutoka tezi uipeleke kwenye nguzo iliyo mbele ya omo, zipishane ubavuni. Hizo ndizo zitazuia boti isisogee mbele wala nyuma. Urefu wake uwe mara tatu ya kina kinachoshuka, mita 9 au 10. Za omo na tezi ziache na ulegevu.

Sasa jirani. Nguzo ikiwa na kitanzi cha kamba yake, usikipachike chako juu. Kipitishe chako ndani ya chake kutoka chini, ndipo ukivike kwenye nguzo. Hapo yeyote anaweza kujivua kwanza bila kugusa cha mwenzake. Hili tulifundishwa kwa makofi zamani, na vijana wengi wa leo hawakuonyeshwa. Nenda kwa jirani yako mchana, maji yakiwa nusu, umwonyeshe kwa kamba mkononi. Usianze na habari za hasara. Anza na kitanzi.

Na hao wawili wa nje yako, je, walipeleka kamba zao ukutani, au walijifunga kwako tu? Kila boti itoe kamba zake yenyewe hadi gatini, omo na tezi. Bila hivyo mashua ile ya ndani inabeba boti nne.

Fundi_Faiba_Mtwapa alijibu:

Naongezea upande wa ufundi. Nyufa hizo usizipake rangi ukaziacha. Fungua chini ya sitaha uangalie chuma kimeshikwaje. Nyingi nikizifungua nakuta skurubu zimeingia kwenye faiba tupu. Weka bolti za chuma kisichoshika kutu, zipenye hadi chini, na chini yake bamba la chuma au ubao mgumu wa kutawanya nguvu.

Kamba je, ni ile ya plastiki ya buluu? Hiyo huelea, inaingia kwenye panga za mashini za wenzio, na jua linaimaliza: ikunje tu uone inavyotoa unga. Nunua nailoni, inazama na inavutika, boti ikirushwa na wimbi haishtuki. Pale inapopita kwenye ukingo wa ukuta ivalishe kipande cha mpira wa maji, maana ukuta wa matumbawe hula kamba usiku mmoja.

Binti_Kilifi alijibu:

Kuhusu kuhama: sisi hapa kwenye hori la Kilifi tunakaa kwenye maboya, si gatini, na huko nako kuna mashaka yake. Mkondo ukigeuka boti zote zinazunguka, na mwenye kamba ndefu anamfikia mwenye mnyororo mfupi. Ukitaka boya, uliza majirani wameacha urefu gani kabla hujazamisha jiwe lako la zege la kulishikilia. Tena zege likiwa majini linapoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake, kwa hiyo jiwe la kilo 500 usilihesabu kama kilo 500. Kwa abiria wako wazee, mimi ningebaki gatini.

Jambo jingine: ukivuka boti ya mtu kwenda nchi kavu, pita omo, usimpitie katikati penye vitu vyake. Na piga hodi.

Mwana_Langoni alijibu:

Shukrani nyingi, nahodha hasa. Leo baada ya alasiri nilikwenda na kipande cha nailoni, nikamkuta jirani anaparua mashua yake. Nikamwambia nimefundishwa kitu, nataka tukijaribu pamoja. Tukavipitisha vitanzi mara tatu, yeye akajivua, changu kikabaki palepale. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ile usiku ilikuwa kwa sababu yangu?" Nikamwambia ndiyo. Kesho anakuja na bolti, tunafungua sitaha pamoja.

Wale wawili wa nje nitawasubiri jioni wakirudi kutoka Shela.