Ushauri: nampeleka mzee York kwa treni mwezi Januari, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo

MtotoWaFayamani (Nakuru):
Wadau, hamjambo. Naandika nikiwa Nakuru, Section 58. Januari namsindikiza baba Uingereza kumwona dada yangu anayeishi Reading. Mzee ana miaka 78. Aliingia reli akiwa fayamani, yule wa kutunza moto wa injini, hapa Nakuru enzi za injini za moshi, akastaafu akiwa dereva. Katika safari hii yote ameomba kitu kimoja tu: kufika mji wa York, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Reli, aione Mallard kwa macho yake. Ndiyo injini ya mvuke iliyoweka rekodi mwaka 1938, kilomita 203 kwa saa, na mpaka leo hakuna ya mvuke iliyoivunja. Ametusimulia habari zake tangu tukiwa watoto.

Kutoka London ni mwendo wa kama saa mbili. Je, mtu wa umri huo ataweza kwenda na kurudi siku moja na baridi ile? Avae nini? Na tukitoka makumbusho tumwonyeshe nini kingine? Nisaidieni, silali vizuri kwa mawazo.

Bibi wa Milimani:
Mwanangu, Mungu akubariki. Siku hizi wazee wanaachwa mashambani na simu ya kupigiwa Krismasi tu, wewe unamtimizia babako haja ya moyo wake. Avae soksi mbili za sufu, suruali ya ndani ya kubana, kofia ya kufunika masikio. Na umpake mafuta mgongoni kabla ya kutoka nyumbani. Kifua cha mzee hakichezewi.

Leeds254:
Mimi ni wa Kakamega, naishi Leeds, York ni jirani. Treni zinaondokea stesheni ya King's Cross, London. Makumbusho yako nyuma ya stesheni, dakika chache kwa mguu na njia ni tambarare. Kiingilio ni bure, ila pitia tovuti yao uone siku na saa za kufungua.

Jambo la kujipanga nalo ni mwanga. Mapema Januari kunakucha baada ya saa mbili asubuhi, na jua linazama karibu saa kumi jioni. Mkichelewa kutoka ndani, mji mtauona gizani. Kuta za mji zina urefu wa kilomita tatu na zaidi na kuzipanda ni bure, lakini ngazi ni za mawe, kuna sehemu hazina reli ya kushika, na kukiwa na barafu hufungwa. Huko usimpandishe mzee. Mpeleke kanisa kuu, York Minster, akae akitazama dirisha kubwa la mashariki. Lile lilipakwa rangi kati ya 1405 na 1408, na lina vioo vingi kuliko unavyoweza kufikiria. Hata asiye mtu wa makanisa hunyamaza pale. Mtaa wa Shambles ni mzuri lakini ni wa mawe ya mviringo, miguu ya mzee italalamika.

Nikuulize: ni siku gani ya wiki? Na tiketi mmeshakata?

KondeleKwetu:
Habari za treni zinanigusa. Ile ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu iliporudi Desemba 2021, nilimpandisha mama yangu. Usiku kucha hakulala, anataja stesheni moja baada ya nyingine kabla hatujafika: Londiani, Fort Ternan, Muhoroni. Kulipokucha watoto wa Kibigori walikuwa wamejipanga kando ya reli wakipunga mikono, naye akawapungia wote, hakumruka hata mmoja. Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Kwa nini watu waende York wakati historia tunayo hapa?

MtotoWaFayamani (Nakuru):
Asanteni sana. Bibi, soksi nimeandika. Leeds254, ni Jumapili. Tiketi dada ameshakata, zile za bei nafuu.

Leeds254:
Zile za bei nafuu zimefungwa kwa treni moja. Ikikupita, umenunua karatasi. Na Jumapili ndiyo siku wanayopenda kutengeneza reli, wakati mwingine unashushwa njiani unapakiwa kwenye basi. Kwani mnarudi London saa ngapi, na kesho yake mna nini?

MtotoWaFayamani (Nakuru):
Tunaondoka London saa tatu asubuhi, tunafika York saa tano. Tunarudi na treni ya saa tisa alasiri.

Leeds254:
Hujanijibu. Kesho yake?

MtotoWaFayamani (Nakuru):
Kesho yake tutakuwa Nairobi. Ndege yetu ya kurudi ni Jumapili hiyo hiyo, saa mbili na nusu usiku, kutoka Heathrow.

Kabla hamjanivamia, nisikilizeni. Dada anafanya kazi nyumba ya kutunza wazee, zamu za usiku, na hiyo ndiyo siku pekee aliyopewa mapumziko tukiwa kule. Mzee hataki kwenda bila yeye. Treni inafika King's Cross saa kumi na moja, tunashuka chini kwenye treni za ardhini, kwa saa moja hivi tuko uwanjani. Shemeji ataleta mabegi kwa gari kutoka Reading, Heathrow iko upande wake. Nimepiga hesabu, inatosha.

Bibi wa Milimani:
Uuuwi! Ndege na treni siku moja, na mzee wa miaka 78? Haraka haraka haina baraka, mwanangu.

MwalimuKapsabet:
Hesabu yake inatosha ikiwa kila kitu kitaenda sawa. Treni ikichelewa saa moja tu, atafika uwanjani kaunta ziko karibu kufungwa. Reli watamrudishia sehemu ya nauli ya treni, lakini ndege haiwahusu kabisa. Nilimfundisha kijana mmoja aliyekosa ndege ya kwenda masomoni kwa sababu ya dakika kumi za kuagana. Wazazi wake waliuza ng'ombe tena.

Fundi wa Njoro:
Wadau, mnalishwa hadithi na mnakula. Mtu yuko Nakuru, dada Reading, mzee anayemjua Mallard, ndege usiku huo huo, na siri inatoka kidogo kidogo kila akibanwa. Ndivyo hadithi zinavyotungwa ili uzi uende mbali. Baba yangu alikuwa sogi, mtu wa reli, kule Lokosheni kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, nimekulia pale. Kama kweli mzee wako alikuwa fayamani, mwulize: mchanga kwenye injini ulikuwa wa kazi gani? Na mwambie akueleze alivyotupa makaa kwenye zile Garratt za namba 59, zile injini kubwa za mvuke.

KondeleKwetu:
Hapo sasa. Mtihani umetoka.

MtotoWaFayamani (Nakuru):
Sikuficha kwa nia mbaya. Nilijua mkisikia habari ya ndege hakuna atakayenijibu mambo ya baridi.

Nimemsomea mzee maswali. Ameweka kikombe chini, akauliza, "Mchanga upi? Kuna wa reli ikilowa, magurudumu yasiteleze, na kuna wa motoni." Kisha akasema hajawahi kutupa makaa Garratt yoyote, kwa sababu zilikuwa zinachoma mafuta mazito. Fayamani alikaa na mkono kwenye vali huku akitazama bomba la moshi: ukitoka mweusi, mafuta yamezidi, punguza. Masizi yakijaa kwenye mirija, injini inakosa nguvu. Basi unachota mchanga kwa kibakuli cha mkono mrefu, unaupeleka kwenye tundu la mlango wa moto wakati dereva amefungua mvuke, unavutwa kwa nguvu ndani ya mirija na kuikwangua, moshi unatoka mweusi tii. Anasema ukifanya hivyo karibu na nyumba za Lokosheni, akina mama walioanika nguo wanakutaja jina na la mamako. Na 59 hakuzifanyia kazi. Alipangiwa Garratt ndogo zaidi, zile kubwa alizitazama Nairobi tu.

Fundi wa Njoro:
Huyo ni mtu wa reli. Swali la makaa nililiweka kama mtego na ameuruka. Mpe mzee salamu zangu, mwambie mtoto wa sogi anamwamkia, shikamoo. Zile 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester, na hakuna injini nyingine ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyozishinda nguvu. Moja, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli Nairobi. Mkitua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mkipumzika, mpitishe pale kabla ya kupanda matatu ya Nakuru.

Leeds254:
Nami nimeamini. Sasa tutatue. Tiketi hizo hazirudishwi pesa, lakini dada anaweza kubadilisha treni kabla haijaondoka, akilipa tofauti ya nauli. Rudini mapema. Kuta, Shambles, hata kanisa kuu, yaacheni.

MtotoWaFayamani (Nakuru):
Nilitaka aone mji wote. Ni mji wa Warumi, tangu mwaka 71, na Konstantino alitangazwa kaisari pale mwaka 306. Nani ajuaye kama atarudi tena? Lakini nimemuuliza mwenyewe, naye amesema mji autazame kupitia dirishani, yeye anaenda kwa Mallard. Dada ameshasogeza kurudi hadi saa saba na nusu. Siku haibadiliki, hapo msinisukume.

MwalimuKapsabet:
Saa moja na nusu umeokoa. Si haba.

Leeds254:
Jumamosi usiku dada aangalie tena kama kuna matengenezo njiani. Yakiwepo, msiende. Na mkiwa mnarudi London, mkishapita Grantham, mwamshe mzee kama amesinzia. Mteremko wa Stoke Bank ndio huo, Mallard iliweka rekodi yake ikishuka upande huo huo mtakaokuwa mkielekea.

Bibi wa Milimani:
Na chai kwenye themosi. Ya huko haina maziwa ya kutosha.