Tesla Model 3 Performance na BYD Seal, ipi inachomoka zaidi?

Nyegezi_Stendi: Wakuu habari za jioni, hapa kijiweni tunabishana kuhusu hizi gari za umeme tangu mchana, jamaa kakomaa kwamba BYD Seal ya mota mbili haiachwi na Model 3 Performance, mimi nasema inaachwa tena mbali. Wenye data tusaidieni

fundi_umeme: Mkuu kwa namba za viwandani Seal ya mota mbili inatoka 0 mpaka kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.8, Tesla hii mpya 3.1, ila Tesla ile futi ya kwanza gari inapoanza kuondoka hawaihesabu kwenye muda, kwa hiyo ukipima toka imesimama dede inaongezeka kidogo. Pale kwenye kuchomoka jamaa yako hajakosea sana. Tofauti iko kwenye spidi ya mwisho, Seal inagota kilomita 180 kwa saa, Tesla inafika 260 na ushee

BintiWaCapri: Na uzito jamani, Seal ina karibu kilo 2,200 Tesla kama 1,850, hapo ndo Tesla inapobebwa

Nyegezi_Stendi: Asante sana. Sasa betri ikishuka je?

fundi_umeme: Nguvu inapungua, ikibaki asilimia kumi hupati ule mvuto. Ila kaka 260 utaikimbiza wapi, toka Buzuruga mpaka Igoma matuta na bodaboda zinakatiza, na mjini sheria ni 50. Mi ningechukua Seal, nisimame taa zikiruhusu niondoke, inatosha kabisa